Ukuta mnene peke yake haupozi nyumba

Mwezi wa tatu hapa Lamu, tangambili ikishaingia, kaskazi imechoka na kusi bado haijashika, barazani hakuna mazungumzo ila joto. Kila mtu ana dawa yake. Nyingi ya dawa hizo hazifai, na nyingine zinakula tokeni za umeme bure.

"Nyumba za kale za mtaa wa Mkomani zina ubaridi kwa sababu kuta zake ni nene."

Nene ni nene kweli, kama nusu mita ya matumbawe na chokaa, na tangu UNESCO iutie mji kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001 wageni hawaishi kuzigongagonga wakizisifu. Lakini ukuta mnene hauzuii joto, unalichelewesha tu. Mchana unalinywa polepole, usiku unalitema. Kule bara kwenye usiku wa baridi, ukuta hupata wasaa wa kulitoa lote kabla ya alfajiri. Kwetu pwani usiku haushuki sana. Weka kiganja kwenye ukuta uliopigwa na jua la alasiri: isha imeshasaliwa, nao bado una uvuguvugu kama birika lililoepuliwa. Ndiyo maana wazee walipanda kulala juu, chini ya makuti, penye upepo.

Kilichoziokoa nyumba zile ni kwamba jua halikuachiwa kuufikia ukuta. Vichochoro ni vyembamba, nyumba inaitia jirani yake kivuli. Katikati kuna kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, hewa ya moto inapandia hapo na kutoka. Dari ya boriti iko juu, mbali na kichwa. Anayejenga leo Wiyoni kwenye kiwanja cheupe bila mti wala upenu, akaongeza unene wa ukuta tu, amenunua mawe na joto lake.

"Mabati ndiyo yanayotuua, na dawa yake ni kiyoyozi."

Nusu ya kwanza nakubali. Tuko digrii 2 tu na kidogo kusini mwa ikweta, jua linapita utosini mwezi Machi na tena mwishoni mwa Septemba, kwa hiyo kinachopigwa kuliko ukuta wowote ni paa. Saa nane mchana bati linageuka jiko lililopinduliwa: linakuunguza utosini hata kama hewa ya chumba si moto kiasi hicho. Ukifunga kiyoyozi chini yake, unakilipia kipigane na jiko kutwa nzima. Anza na paa. Kwangua kutu, paka rangi nyeupe. Chini yake weka silingi, uache nafasi ya hewa na matundu pande mbili ili joto lipate pa kutokea. Wako wanaoezeka makuti juu ya bati, na yanasaidia sana, ila yaogope moto na ujue utayabadilisha kila baada ya miaka michache. Kisha ndiyo ufikirie kuta za mashariki na magharibi: upenu, mti, hata mkeka mkuukuu ulioning'inizwa nje ya dirisha, maana jua likizuiwa nje ni bora kuliko pazia la ndani.

"Feni inapoza chumba." Inapoza ngozi, kwa kukausha jasho. Chumba kikiwa kitupu, feni inaongeza joto la mota yake tu, kwa hiyo ukitoka izime. Hata hivyo ndiyo rafiki wa kweli: ya darini hula kama wati 60 au 75, na kiyoyozi cha chumba cha kulala kikiwa kinavuma hula kama wati 1,000.

Zile mashine za kupoza kwa maji, nisimulie langu. Nilinunua moja, muuzaji akaniapia. Penye hewa kavu zinafaa, maana maji yakigeuka mvuke yanaondoka na joto. Hewa yetu tayari imeshiba mvuke. Siku ya tatu mto wangu ulinuka uvundo, na kanzu kabatini imeota madoa ya kuvu. Beseni la maji mbele ya feni ni hadithi ile ile.

"Weka kiyoyozi digrii 16 chumba kipoe haraka." Kiyoyozi cha kawaida hupoza kwa nguvu moja; 16 inakiambia tu kisipumzike. Weka 26, washa na feni, funga madirisha. Na kukizima unapotoka si hasara kama wanavyodai.

Usipokuwa na kiyoyozi, fungua madirisha, lakini fungua pande mbili, kwa sababu upepo usio na pa kutokea hauingii. Jirani yangu alilalamika miaka, na dirisha lake la upande wa kusi limezibwa na kabati la vyombo tangu harusi yake. Tulilisogeza juzi, watu wanne, vikombe vikilia. Pazia la mlangoni likainuka lenyewe.