Je, Wajua Kwa Nini Maji ya Kumiminiwa Yanashinda Beseni la Pamoja?

Shughuli ikiwa kubwa, iwe harusi au msiba, watu hukaa mkekani kulizunguka sinia la wali, na beseni la maji huanza kupita. Baba mkubwa ananawa, analisogeza kwa jirani yake, naye hivyo hivyo. Likimfikia mtu wa nane, maji yameshabadilika rangi na juu pana utando wa mafuta. Anachovya vidole, anavikung'uta, anasema bismillahi, anaanza kula. Machoni pa watu amenawa, kumbe huenda amechota vijidudu vya wenzake saba na kuvipeleka mdomoni.

Tatizo linaeleweka ukijua sabuni inafanya nini. Wengi tunadhani ni sumu ya vijidudu, wakati kazi yake kubwa ni kung'oa. Ngozi ina mafuta yake, na vijidudu hunasa humo kama vumbi kwenye sufuria iliyokaangiwa samaki. Maji matupu huteleza juu ya mafuta hayo. Chembe ya sabuni ina ncha mbili: moja hushika mafuta, nyingine hushika maji. Ukisugua, mafuta hukatika vipande vidogo sana na kubaki yanaelea kwenye povu pamoja na vijidudu vyake. Virusi vyenye koti la mafuta, kama vya korona, huchanika hapo hapo. Lakini virusi vya rota, vinavyoharisha watoto wachanga, havina koti hilo. Hivyo hubaki vizima ndani ya povu. Maji yakitiririka, huenda navyo. Yakiwa yametuama kwenye beseni, vinamngoja anayefuata.

Ndiyo maana sioni haja ya kulipia zaidi sabuni inayotangazwa kwamba inaua bakteria. Mjini Karachi, Pakistani, watafiti waligawa sabuni kwa familia za mitaa ya watu wa kipato cha chini na kuzihimiza kunawa. Baadhi zilipewa ya kawaida, nyingine yenye dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Nimonia kwa watoto wa chini ya miaka 5 ilipungua kwa nusu, kuharisha nako kukapungua kwa kiasi kama hicho, na aina zile mbili za sabuni hazikutofautiana. Mwaka 2016 Marekani ilizuia dawa 19 za namna hiyo, triklosani ikiwemo, kwenye sabuni za kunawia nyumbani, kwa kuwa watengenezaji walishindwa kuonyesha kwamba zinashinda sabuni ya kawaida. Kipande cha sabuni ya mche kinatosha, mradi usugue sekunde 20 na usisahau vidole gumba, ncha za vidole na chini ya kucha, maana ncha hizo ndizo zinazomega ugali.

Kwa bibi yangu, sisi wadogo ndio tuliowanawisha wageni. Mmoja anashika birika, mwingine beseni tupu, tunaanza kwa wazee. Maji yanapita mkononi mara moja na hayamrudii mtu. Nilidhani ni adabu tu. Leo natamani mila ile irudi kwenye kila shughuli, na sabuni iwe juu ya kisahani kando ya birika. Taulo moja la watu wote, hapana: huwarudishia kile walichokiondoa. Heri kukung'uta mikono na kuiacha ikauke kwa hewa kabla ya kushika kitu, kwa sababu mkono wenye maji hupokea na kuachia vijidudu upesi kuliko mkavu.

Na pasipo na bomba, kuna kibuyu chirizi. Chukua dumu la lita tano, litoboe tundu karibu na mdomo, lining'inize kwenye mti mlalo, kisha funga kamba kutoka shingoni mwake hadi kwenye kijiti kilicho chini. Ukikanyaga kijiti, dumu linainama na maji yanachirizika. Hakuna anayeshika koki, na kila anayekuja anakuta maji ambayo hayajaguswa na mtu.