Kwa nini wapenzi wa tuba hawaelewani kuhusu rekodi iliyo bora?

Puliza chai ya moto. Kisha puliza jiko la mkaa lililogoma kuwaka. Kifua ni kilekile, lakini chai unaipuliza taratibu, midomo imelegea, na jiko unalipuliza kwa nguvu, midomo imebana. Mpiga tarumbeta hupuliza jiko. Mpiga tuba, ile ala kubwa ya kupuliza yenye sauti nzito ya besi, hupuliza chai, ila yake ni sufuria nzima ya chai ya matanga. Noti nene haidai msukumo mkubwa, inadai hewa nyingi, na hewa hiyo huisha upesi.

Hapo ndipo ubishi unapoanzia. Nachukua mfano wa kazi ambayo kila mpiga tuba hukutana nayo: koncheto ya Ralph Vaughan Williams, Mwingereza aliyeitunga akiwa na miaka zaidi ya 80. Koncheto ni muziki ambao ala moja hutangulia mbele na okestra nzima ikaizunguka. Kwa kawaida heshima hiyo hupewa piano au fidla. Tuba, tangu ilipoundwa huko Prussia mwaka 1835, ilikuwa imekaa mstari wa nyuma ikishikilia besi, na wengine walidhani mzee ameamua kufanya mzaha. Ilipigwa kwa mara ya kwanza London tarehe 13 Juni 1954, katika ukumbi wa Royal Festival Hall, okestra ya London Symphony ikiadhimisha miaka 50. Kondakta, yaani anayeiongoza okestra kwa mikono, alikuwa John Barbirolli na mpiga tuba Philip Catelinet, mtu aliyetokea katika bendi za Jeshi la Wokovu. Aliyewahi kuiona bendi ya Jeshi hilo ikipita barabarani Jumapili, tuba zikiyumba mabegani, hatashangaa sana.

Watu walewale waliirekodi mwezi huohuo, na rekodi ipo hadi leo. Ni ya mono, sauti yote inatoka sehemu moja, na tuba inasikika nyembamba kidogo. Kwa sehemu, sababu ni ala yenyewe. Wakati ule okestra za Uingereza zilitumia tuba ndogo ya F (herufi hutaja noti ya msingi ya ala), ambayo bomba lake likinyooshwa linafika kama meta 3.7 na kipenyo chake si kikubwa. Baadaye John Fletcher, wa okestra hiyohiyo, akawa kinara wa tuba ya E-flati, ndefu kidogo tu lakini pana na yenye tumbo. Rekodi yake na kondakta André Previn ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 inakupa sauti iliyojaa kama mtungi. Kwa hiyo anayekwambia Fletcher ana sauti nzuri kuliko Catelinet analinganisha pia vyombo viwili tofauti, pamoja na miaka karibu 20 ya maendeleo ya maikrofoni.

Lakini kipimo changu mimi si sauti. Nenda moja kwa moja kwenye kipande cha kati, kiitwacho Romanza. Vyombo vya nyuzi huanzisha wimbo polepole, kisha tuba huudaka na kuuimba, mistari mirefu isiyo na mahali pa kuficha pumzi. Vaa spika za masikioni, usisikilize noti, sikiliza pumzi. Mpiga tuba anavuta hewa wapi? Akivuta katikati ya sentensi, wimbo unakatika kama msomaji wa risala aliyeishiwa pumzi kabla ya nukta. Akikazana kuumaliza mstari kwa pumzi moja, noti za mwisho hukauka. Wengine wanakwepa yote mawili kwa kuongeza mwendo, na Romanza inageuka matembezi ya haraka. Ni ujanja, na sikio huusamehe mara moja tu.

Ndiyo maana rekodi ya Arnold Jacobs na okestra ya Chicago, kondakta Daniel Barenboim, ya mwaka 1977, hunivutia kila mara. Jacobs alikuwa amevuka miaka 60, ana pumu, na mapafu yake hayakuwa yale ya ujana. Alikuwa pia mwalimu mashuhuri wa kupumua, mtu aliyechunguza hewa kwa vipimo vya kitabibu na kuwaambia wanafunzi wafikirie wimbo, misuli itafuata. Katika Romanza anavuta hewa mara nyingi kuliko kijana mwenye kifua kipana, lakini anavuta palepale ambapo mwimbaji angevuta. Unasikia mtu anayesema jambo, ananyamaza kidogo, anaendelea.

Kwa koncheto nzima bado namchagua Fletcher. Kipande cha mwisho ni dansi ya haraka ya mapigo matatu, fidla zinarukaruka juu, na yeye anazifuata bila kubeba uzito wowote, jambo gumu kwa chombo cha ukubwa ule. Jacobs pale ni mzito kidogo, hilo sitalificha. Kazi yote haizidi sana dakika 13, kwa hiyo hakuna anayekulazimisha kuchagua mmoja: sikiliza Fletcher mwanzo hadi mwisho, kisha rudi uisikilize Romanza tena kwa Jacobs, chai ikiwa bado ya moto.