Mtambo wa protoni hautaimeza Dunia

Ujumbe unaosambazwa kwenye magrupu unadai kuwa mtambo wa kugonganisha protoni (chembe ndogo mno za ndani ya atomu), ulio chini ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa, utazua shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkubwa ambao hata mwanga hauponyoki, liimeze Dunia. Si kweli. Mtambo huo wenye mzingo wa kilomita 27 umegonganisha protoni tangu 2009, ukitafuta chembe mpya na mivunjiko adimu ya chembe.

Kinachotisha watu ni kusikia habari za nishati kubwa. Ni kubwa kwa chembe moja tu. Mgongano mmoja unakaribia nishati ya mbu wachache warukao. Na miale ya anga za mbali, mingine yenye nishati kupita hiyo, imeipiga Dunia kwa mabilioni ya miaka, na Dunia bado ipo.

Tafadhali, ukiupokea ujumbe huo usiusambaze.