Je, wajua kuwa boriti ndiyo iliyoanza kuuchora mji wa Lamu?

Anayeingia kwa mara ya kwanza katika nyumba ya kale ya mawe mjini Lamu hushangazwa na umbo la vyumba vyake, kwani ni virefu sana ilhali upana wao kwa kawaida haufiki mita 3. Wapo wanaodhani kwamba wajenzi walibanwa na uhaba wa ardhi, lakini sababu iko juu ya kichwa cha mgeni huyo. Dari hubebwa na boriti, yaani miti ya mikoko iliyopangwa kutoka ukuta hadi ukuta, na mkoko ulionyooka, mnene kiasi cha kuhimili sakafu nzito ya mawe na chokaa, ni nadra kuupata ukiwa mrefu kuliko hapo. Chumba kikaufuata mti.

Wakata mikoko wa Lamu wana jina la kila unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Kwa karne nyingi miti hiyo ilipakiwa majahazini ikasafirishwa hadi Arabuni na nchi za Ghuba, ambako miti ya kujengea ni adimu, ndiyo maana nyumba nyingi za kale za huko nazo zina vyumba vyembamba vya namna hiyohiyo. Hata hivyo, hakuna atakayesimama katika mtaa wa kale wa Ghuba akadhani yuko Lamu. Boriti ilitoa kipimo tu. Sura ya mji ilitoka katika desturi za watu waliokitumia kipimo hicho.

Desturi iliyoacha alama kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ile ya baba kumpa binti yake makao anapoolewa. Binti hakuhamia mbali, bali mume ndiye aliyemfuata, na kwa hiyo familia yenye mabinti ilihitaji kupanua nyumba palepale ilipo, kwa kuongeza ghorofa au kujenga jirani. Nafasi ilipokwisha, chumba kilirushwa juu ya njia kutoka nyumba moja hadi ya pili, na chumba hicho huitwa wikio. Kupitia wikio, wanawake wa ukoo mmoja waliweza kutembeleana bila kushuka njiani, na wapitao chini wakapata kivuli ambacho hakuna aliyekusudia kuwapa.

Haja ya sitara ndiyo iliyofanya pia kuta za nje ziwe tupu, zenye madirisha machache na madogo, huku mwanga na hewa vikitoka katika kiwanja cha ndani kilicho wazi juu. Kuta hizo za mawe ya matumbawe zina unene wa karibu nusu mita, na kwa kuwa zimesimama zikitazamana kwa karibu, jua huugusa mchanga wa kichochoro kwa muda mfupi tu wa siku. Mapambo mengi yaliwekwa ndani, hasa katika zidaka, safu za vishimo vya chokaa vilivyochongwa katika ukuta wa chumba cha ndani kabisa, ambamo vyombo vya kaure vilipangwa.

Lakini nyumba iliyojifunga kiasi hicho ingemweka wapi mgeni wa kiume? Jibu lake ni daka, ukumbi mdogo wenye viti vya mawe mbele ya mlango, ambako mwenye nyumba hupokea watu bila kuwafikisha ndani. Daka lina kazi nyingine ambayo vitabu vya usanifu huisahau: punda akija na shehena ya mawe, mpita njia huingia katika daka la mtu yeyote ili ampishe.

Mji Mkongwe wa Zanzibar unathibitisha kwa upande mwingine kwamba sura ya mji hutoka katika desturi, si katika boriti. Nao umejengwa kwa matumbawe, chokaa na boriti, na uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, mwaka mmoja tu kabla ya Lamu. Lakini katika karne ya 19 wafanyabiashara kutoka Bara Hindi walijenga huko nyumba zenye maduka yanayofunguka moja kwa moja njiani na roshani za mbao juu yake, na mwaka 1883 Sultani Barghash alijenga Beit al-Ajaib yenye nguzo za chuma na baraza pana zinazoitazama bahari. Nyumba ya Lamu humpa mpita njia mgongo. Ya Zanzibar humwita anunue.

Leo zege na nondo zimekivunja kipimo cha boriti, na fundi anaweza kujenga chumba cha upana autakao. Kilichobaki vilevile ni upana wa vichochoro, na hapo ndipo penye mabishano ya miaka ya karibuni kuhusu bodaboda. Pikipiki hupenya popote apitapo punda, lakini huja kwa kasi, na sauti yake, ikishikwa na kuta mbili ndefu, huwafikia walioketi dakani wakiwa bado katikati ya mazungumzo.