Mkono wa aliyetolewa titi usifungwe kanga

Alikuja kliniki siku ya 19 baada ya upasuaji, mkono wa kushoto umefungwa kanga shingoni kama wa mtu aliyevunjika. Ubavuni yupo dada yake, nyuma mama mkwe na mkoba wa dawa. Nilipomwambia anyanyue mkono, wote watatu walijibu kwa pamoja kwamba amekatazwa. Nani kamkataza? Wakatazamana. Hakuna daktari aliyesema hivyo, ni wao wenyewe walioona ni salama zaidi. Kwa karibu wiki tatu alilishwa, akavalishwa, akasukwa, na mkono ule haukushika hata kijiko. Walimpenda kwelikweli, na bega lilikuwa limeshaanza kukakamaa.

Mimi ni mtaalamu wa mazoezi tiba na wagonjwa wangu wengi ni wanawake waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya matiti. Familia za namna hii nakutana nazo mara kwa mara, na siwezi kuwalaumu, kwa sababu mgonjwa huruhusiwa kurudi nyumbani na dawa za maumivu na tarehe ya kutoa nyuzi, bila mtu kukaa na ndugu zake akawaeleza kazi yao.

Daktari anapotoa titi, mara nyingi huingia na kwapani kutoa matezi ili yapimwe kama ugonjwa umefika huko. Ngozi ya kifua huvutwa na kushonwa. Mgonjwa, kwa maumivu na kwa woga, hujikunyata, anapinda mgongo na kubana mkono ubavuni. Akikaa hivyo kwa wiki kadhaa, kovu hushikana na nyama za chini yake na bega hukataa kupanda. Wengine huhisi kitu kama uzi mgumu kinachotoka kwapani kushuka hadi kwenye kiwiko. Uzi huo unatisha ukiuona umetuna chini ya ngozi, lakini hulegea kwa kunyooshwa taratibu.

Jambo ambalo familia nyingi hulisikia kwa kuchelewa ni la mionzi. Wagonjwa wengi baada ya upasuaji hupelekwa kwenye mionzi, kwa hapa Dar es Salaam mara nyingi ni Taasisi ya Saratani Ocean Road. Pale mgonjwa hulala chali mkono ukiwa juu ya kichwa, na hutakiwa kutulia hivyo hivyo, siku baada ya siku, kwa wiki kadhaa. Mkono usiopanda unaweza kuichelewesha tiba hiyo. Ndiyo maana nikimwona mtu kafungwa kanga shingoni naingiwa na hofu. Kwangu mimi, kunyanyua mkono ni sehemu ya kuitibu saratani yenyewe.

Basi afanye nini? Kesho yake tu baada ya upasuaji, daktari wake akiridhia, aanze kufumba na kufumbua ngumi, kukunja kiwiko, kuzungusha mabega. Ale kwa mkono ule, achane nywele kwa mkono ule. Mrija wa kutolea majimaji ya kidonda ukiwa bado upo, mkono usipite usawa wa bega. Ukishatolewa, tunahamia ukutani: anasimama kuukabili ukuta, vidole vinatambaa kwenda juu, na panapovuta anatulia na kuhesabu hadi 10. Pavute, pasichome. Yule mama wa kanga nilimwambia mwanawe wa miaka tisa awe mwenye chaki, kila jioni apige mstari pale vidole vilipofika. Wiki mbili baadaye dada yake alinionyesha picha kwenye simu: mistari tisa, wa juu kabisa umepita kichwa cha mama.

Kazi za kumwondolea zipo. Kwa wiki nne hadi sita za kwanza asibebe ndoo ya maji, asisonge ugali wa nyumba nzima, asikamue mablanketi, asimbebe mtoto. Hapo ndipo wifi, jirani na shoga wa kwenye upatu wanapohitajika. Shoga asiulize "nikusaidie nini?" maana atajibiwa "hamna". Aje Jumamosi na sabuni yake, afue, aondoke. Madera nayo yawekwe kando kwanza, kwani kuyavaa kunadai kunyanyua mikono yote miwili. Shati la mumewe lenye vifungo mbele linatosha.

Kuhusu mrija, nina mume mmoja simsahau, fundi seremala. Aliniambia waziwazi kwamba kidonda cha mkewe hawezi kukitazama, ila kichupa kinachopokea majimaji ya mrija anaweza. Kila asubuhi alinawa mikono, akamimina majimaji kwenye kikombe cha kupimia, akakibana kichupa ili kiendelee kuvuta, na kuandika kiasi kwa ile penseli yake ya kazini. 90, 70, 55, 40. Madaktari wengi hutoa mrija majimaji yakishuka chini ya takriban mililita 30 kwa saa 24, siku mbili mfululizo, kwa hiyo daftari lake lilikuwa na kazi. Siku mrija ulipotolewa aliingia naye chumbani, akakitazama kifua chote.

Sasa la kukanda. Bibi na shangazi zetu wanajua kumkanda mzazi kwa maji ya moto, na wakiuona mkono umevimba hutaka kufanya vilevile, au kuuchua kwa nguvu kwa mafuta. Nawaomba sana msifanye. Ngozi ya kwapani na ya ndani ya mkono mara nyingi imekufa ganzi, mgonjwa ataungua bila kusikia, na joto huzidisha uvimbe. Matezi yakishapungua, njia za kupitishia majimaji ya mwili zinapungua pia. Kati ya wanawake watano waliotibiwa saratani ya titi, takriban mmoja hupata uvimbe huo wa mkono, zaidi wale waliotolewa matezi mengi. Bibi apewe kazi ya kuupaka mkono mafuta ya kulainisha ngozi kwa kiganja chepesi, kwa kuwa ngozi ikipasuka vijidudu hupita.

Wala uvimbe si sababu ya kurudisha kanga shingoni. Mwaka 2009 Kathryn Schmitz na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti wa wanawake 141 waliokuwa tayari na uvimbe huo: walionyanyua vyuma vyepesi, wakiongeza uzito kidogo kidogo chini ya uangalizi, mikono yao haikuvimba zaidi ya wengine, na walipata nguvu. Baada ya miezi michache, ndoo ndogo inarudi, kisha ile kubwa.

Mtu mmoja nyumbani, binti au dada, awe na jicho la kuangalia mkono huo kwa miaka, akijua dalili: pete inayobana, mkono wa blauzi usiopita, mkono kuwa mzito ghafla. Hizo mletee mtaalamu wiki hiyohiyo. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, na homa juu yake, msisubiri kukuche. Namba ya jirani mwenye gari au ya bodaboda mnayemwamini iwe imeandikwa mlangoni tangu sasa.