Mgeni huja na ufukwe wake kichwani

Natafiti utalii wa fukwe, na wenye hoteli hawachoki kuniuliza: mbona wageni wanatusifu kwenye fomu za maoni, halafu hawarudi?

Tuanze na matarajio. Mwaka 1980 Richard Oliver, mtafiti wa masoko wa Marekani, alieleza kwamba mteja huridhika au kuudhika kwa kulinganisha alichotarajia na alichokipata. Ndiyo maana ufukwe uleule, siku ileile, humfurahisha mmoja na kumkera mwingine.

Chukua suala la maji kupwa na kujaa. Picha za matangazo aghalabu hupigwa maji yakiwa yamejaa. Mgeni anafika mchana, anavaa nguo za kuogelea, anashuka ufukweni na kukuta bahari imerudi nyuma kabisa, imeacha matope, mawe na mwani. Anajiona ametapeliwa. Mwenzake alielezwa mapema kwamba kwenye pwani nyingi maji hujaa na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, akapewa ratiba na viatu vya kukanyagia miamba. Huyo anakwenda kutazama kaa na viti vya pweza, wale wanyama wa bahari wenye umbo la nyota, kwenye vidimbwi, na jioni anasimulia hilo kuliko kuogelea kwenyewe. Bahari ni ileile! Napenda mfano huu kwa sababu dawa yake ni karatasi moja tu mapokezi.

Yapo pia mambo ambayo yakiwepo hakuna anayeyasifu, ila yakikosekana yanaharibu safari nzima: vyoo safi, maji baridi ya kuoshea chumvi, mwokoaji aliye macho. Hapo sioni cha kujadili.

Sasa uaminifu. Mtalii aliyeridhika kabisa anaweza asirudi kamwe, maana likizo ni chache, fukwe ni nyingi, naye anataka kuona kwingine. Msimhesabu kuwa amepotea. Akiwahimiza ndugu na marafiki waje, tayari ni mwaminifu kwa njia yake, na pengine ana faida kuliko anayerudi peke yake kila mwaka. Kwa hiyo fomu itenganishe maswali: je, utarudi? Je, utamshauri mwenzako aje? Mimi huongeza la tatu: ulitarajia kukuta nini? Hilo liulizwe siku ya kufika, kwa sababu akishakaa wiki nzima, atakujibu kwa aliyoyaona, siyo kwa aliyokuja nayo.