"Tuleteeni kompyuta tu": dhana potofu kuhusu miradi ya Rotary kwa vijana

Dhana inayochosha kuliko zote ni hii: "Tupeni kompyuta ishirini, vijana watajifunza wenyewe." Wakuu wa shule huiandika kwenye barua za maombi, na baadhi ya wanachama wa klabu za Rotary, mtandao wa kimataifa wa huduma za kujitolea, huiitikia bila kuuliza swali. Kupata kompyuta ndiyo kazi nyepesi. Maabara hufa kwa umeme, ratiba na walimu.

Tuanze na umeme. Kompyuta ya mezani ya zamani na kioo chake hula kama wati 150. Ishirini ni wati 3,000, na kwa volti 230 hizo ni ampea 13, kikomo kamili cha plagi moja. Shule zinapopachika ekstensheni juu ya ekstensheni kutoka soketi moja, plagi huyeyuka na mradi huishia hapo. Fundi agawe chumba katika saketi mbili au tatu, kila moja na breka yake, waya wa 2.5 mm² na erthi iliyopimwa.

Ratiba nayo ina hesabu yake. Wanafunzi 600 ni mikondo 15 ya watu 40. Kila mkondo ukipata kipindi kimoja cha dakika 40 kwa wiki, wawili kwa kila mashine, ni saa 10 na yuniti 30 za umeme. Nani atanunua hizo yuniti? Jibu liandikwe kwenye makubaliano kabla mzigo haujatoka bandarini.

Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za msaada hazikidhi masharti ya Windows 11. Wekeni Ubuntu (mfumo endeshi wa bure) na LibreOffice (programu za ofisi za bure), kisha mashine moja iwe seva ya Kolibri, programu ya masomo yasiyohitaji intaneti: masomo yatafunguka kupitia ruta, bila bando. Na fundisheni walimu watatu, kamwe si mmoja. Huyo mmoja akipata uhamisho, chumba kinapigwa kufuli.

Ndiyo maana Mfuko wa Rotary, tawi lake la kutoa ruzuku, hautoi ruzuku yake ya kimataifa kwa mradi wa kununua kompyuta au madawati peke yake. Unadai mafunzo ya walimu, tathmini ya mahitaji ya jamii husika, klabu kutoka nchi mbili, na bajeti isiyopungua dola 30,000.

Dhana nyingine potofu ni hizi. "Ruzuku hiyo italipa ada ya sekondari." Hapana. Upande wa masomo, hufadhili shahada za uzamili na uzamivu nje ya nchi.

"Interact ni ya kuchangisha pesa." Ni klabu ya Rotary ya vijana wa miaka 12 hadi 18 wanaochagua viongozi wao na kufanya angalau miradi miwili kwa mwaka, mmoja wa kujenga maelewano ya kimataifa. Mlezi, tafadhali, waachie daftari la fedha walishike wao. Hapo ndipo wanapojifunza.

"Rotaract mwisho miaka 30." Kikomo hicho cha klabu hii ya Rotary ya vijana watu wazima kiliondolewa 1 Julai 2020.

"Kijana akienda kwa mpango wa Rotary wa kubadilishana wanafunzi, kila kitu ni bure, na anaweza kubaki huko." Mpango ni wa miaka 15 hadi 19. Familia wenyeji hutoa malazi na chakula. Nauli ya kwenda na kurudi, bima, viza na pesa za mfukoni ni juu ya mzazi, na muda ukiisha kijana anarudi nyumbani.